Bima Iliyomo Ndani ya Mkopo: Namna ya Kuilalamikia Benki

Mazungumzo na wakazi wa Kata ya Wazo, Wilaya ya Kinondoni



Tumekuja kuzungumza juu ya mstari mmoja tu wa maandishi. Mstari huo umo katika barua za mikopo ambazo wengi wenu mmezihifadhi kabatini, na pengine wengine hamkupewa kabisa. Unasomeka “bima ya mkopo”, na mbele yake pameandikwa kiasi cha fedha. Wengi waliutia sahihi pasipo kuusoma, nasi hatuwalaumu. Mtu anayekwenda kukopa huwa na ada ya shule inayomngoja, au mgonjwa, au nyumba iliyofika kwenye linta ikasimama. Afisa wa mikopo naye ana foleni. Humwambia mteja aweke sahihi hapa, na hapa, na hapa, na mteja huweka.

Bima hii, kwa asili yake, ni kitu chema. Mkopaji hulipa ada, na kampuni ya bima huahidi kwamba akifariki dunia au akipata ulemavu wa kudumu kabla ya kumaliza deni, kampuni italilipa deni lililobaki. Mikataba mingine huongeza kinga ya kupunguzwa kazini, ambapo kampuni hulipa marejesho kwa miezi michache wakati mkopaji anatafuta ajira nyingine. Benki hupata usalama, na familia hupona kudaiwa. Asiwepo basi atakayetoka hapa akisema kwamba tumeiita bima ya mkopo wizi.

Tunachokilalamikia ni namna inavyouzwa. Katika jambo hili benki huvaa kofia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya mkopeshaji. Ya pili ni ya wakala wa bima, kwa maana tangu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, ilipotoa mwongozo wa bima kupitia mabenki mwaka 2019, mabenki yamekuwa yakisajiliwa kuuza bima kwa niaba ya kampuni za bima. Wakala hulipwa kamisheni. Kwa hiyo afisa anayekuambia kwamba bima hii ni ya lazima anazungumza kwa niaba ya taasisi inayonufaika na maneno hayo. Si dhambi kunufaika. Lakini mwenye kunufaika ana wajibu mkubwa zaidi wa kusema wazi.

Nchi ya Uingereza ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mabenki ya huko yaliuza bima za kulinda marejesho ya mikopo kwa watu wengi mno, wakiwamo waliojiajiri, waliostaafu na waliokuwa wagonjwa, ambao kwa masharti ya mikataba yenyewe wasingeweza kulipwa chochote. Mwezi Aprili 2011 mabenki yalishindwa mahakamani yalipojaribu kuzipinga kanuni za kushughulikia malalamiko hayo. Mlango wa kupokea madai ulipofungwa tarehe 29 Agosti 2019, wateja walikuwa wakiendelea kulipwa, na jumla ya fidia ilipita pauni bilioni 38. Katika shauri moja lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2014, mama mmoja mjane, mwalimu wa chuo, alikuwa amekopa pauni 34,000 akatozwa bima ya pauni 5,780. Asilimia 71.8 ya fedha hizo ilikuwa kamisheni ya wauzaji, naye hakuambiwa. Mahakama iliona kwamba kunyamaza huko kuliufanya uhusiano kati yake na mkopeshaji kuwa usio wa haki. Fedha hizo hazikurudi kwa sababu serikali iliwahurumia wananchi. Zilirudi kwa sababu watu, mmoja mmoja, waliandika barua.

Turejee kwetu. Makosa ya uuzaji wa bima hii ni ya namna tatu, na ni muhimu mlalamikaji ajue lake ni lipi, maana barua inayolalamikia kila kitu hujibiwa kwa sentensi moja.

La kwanza ni kuuziwa kinga isiyoweza kumfaa mnunuzi. Fundi seremala wa Tegeta, au mama lishe wa Mbagala kule Temeke, hana mwajiri. Akiuziwa kinga ya kupunguzwa kazini, ameuziwa mwavuli wenye mpini bila kitambaa. Vivyo hivyo mtu mwenye maradhi ya siku nyingi, ambaye mkataba wake unasema kifo kitokanacho na maradhi yaliyokuwapo kabla ya mkopo hakilipwi, na hakuna aliyemuuliza habari za afya yake. Vivyo hivyo mtu mzima ambaye umri wa mwisho wa kukingwa utamkuta mkopo ungali nusu.

La pili huwapata hasa watumishi wenye mishahara, nalo ni la kimya kiasi kwamba wengi hawalioni kuwa ni kosa. Tuchukue mfano, na takwimu hizi ni za mfano tu. Mwalimu anakopa shilingi 8,000,000 kwa miezi 48. Anakatwa ada ya bima shilingi 160,000 siku ya kwanza, kwa mkupuo, kwa ajili ya miezi yote 48. Baada ya miezi 12 anaongeza mkopo. Katika hesabu za benki, mkopo wa kwanza umelipwa wote na kufungwa, na umefunguliwa mwingine wa shilingi 10,000,000 kwa miezi 48, na bima mpya ya shilingi 200,000. Baada ya miezi 12 anaongeza tena, na bima ya tatu inakatwa. Sasa tuulize: bima ya kwanza, aliyoilipia miezi 48, ilimkinga miezi mingapi? Kumi na miwili. Miezi 36 iliyobaki ilikuwa inakinga deni ambalo halipo tena. Kwa mgawanyo wa kawaida, ada ya miezi hiyo ni shilingi 120,000, na ya bima ya pili ni shilingi 150,000. Jumla ni shilingi 270,000 ambazo mwalimu huyu ana haki ya kuziulizia. Kampuni ya bima yaweza kuwa na kanuni nyingine ya kukokotoa, inayorudisha pungufu ya hapo kwa kuwa deni lenyewe lilikuwa likipungua mwezi hadi mwezi. Na iionyeshe basi kanuni hiyo kwa maandishi. Kama ada haikukatwa taslimu bali iliongezwa juu ya mkopo, mwalimu huyu ameilipia na riba pia.

La tatu ndilo lililotuleta Wazo.

Hebu tuwaze nyumba moja, si mbali na hapa, upande wa Madale. Baba alikopa, akaweka hati ya kiwanja kuwa dhamana. Alikatwa bima. Mwaka wa pili akafariki ghafla. Mama, ambaye alitia sahihi ya ridhaa ya mwenza bila kuelezwa habari ya bima, anaona ujumbe wa benki ukiendelea kuingia katika simu ya marehemu. Anaogopa kunyang'anywa nyumba. Anauza friji, anauza kuku, anachukua sehemu ya rambirambi, analipa. Akishindwa, barua ya notisi inakuja, na baadaye dalali anakuja kupiga picha ukuta. Muda wote huo mkataba wa bima unaoahidi kulilipa deni lile lile umelala katika faili la benki ile ile. Hakuna aliyeiba. Afisa aliyeandika mkopo amehamishwa tawi, anayefuatilia madeni hafuatilii bima, kampuni ya bima haijui kwamba mtu amekufa, na mjane hajui kwamba kuna bima. Kila mmoja amefanya kazi yake, na nyumba inakwenda mnadani.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja ambalo halihitaji barua wala ofisi. Leo jioni, kila mwenye mkopo amwambie mwenza wake, au mtoto mkubwa, au ndugu anayemwamini: nina mkopo benki fulani, una bima, kampuni ni hii, na cheti kipo hapa. Tunajua kwamba wapo wanaoficha mikopo yao nyumbani. Sababu zao ni zao. Lakini deni lililofichwa huja kudaiwa kwa wasiojua hata kinga yake ilikuwa wapi.

Na kama msiba umekwisha kutokea, taarifa itolewe mapema kwa benki na kwa kampuni ya bima, kwa maandishi, maana mikataba mingi huweka muda wa kutoa taarifa. Huhitajika cheti cha kifo kutoka RITA, kitambulisho cha marehemu, taarifa ya mkopo, na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa. Muda ukiwa umepita, dai liletwe hata hivyo. Ielezwe kwamba familia haikujua, kwamba cheti cha bima hakikutolewa, na kwamba benki, iliyo wakala wa bima hiyo, ilijua habari za kifo siku fulani na ikaendelea kupokea marejesho. Ombeni mambo mawili: deni lilipwe na bima, na marejesho yaliyolipwa na familia baada ya kifo yarudishwe.

Tuingie sasa katika kulalamika kwenyewe.

Nendeni kwanza kuomba karatasi, kabla ya kugombana na mtu. Karatasi ni nne: mkataba wa mkopo, taarifa ya mkopo tangu siku ya kwanza, cheti cha bima, na masharti ya bima. Ombeni kwa barua, na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mhuri huo ndio shahidi wenu wa kwanza. Mara nyingi jambo hujulikana hapo hapo, kwa kuwa benki ikishindwa kutoa cheti cha bima iliyoitoza, lalamiko limekwisha kupata mguu wa kusimamia.

Kisha iandikwe barua ya lalamiko, fupi, yenye tarehe na kiasi, isiyo na matusi. Tumeona barua za kurasa tano zinazoanza na historia ya ukoo. Hasira ya mlalamikaji tunaielewa, lakini karani anayepokea barua anatafuta namba ya mkopo. Maneno yaweza kuwa haya:

“Mimi ni mteja wenu, mwenye mkopo namba hii, niliopewa tarehe hii katika tawi lenu la hapa. Siku hiyo nilikatwa shilingi kadhaa kwa jina la bima ya mkopo. Sikuelezwa bima hiyo inakinga nini, sikupewa cheti wala masharti yake, na sikuulizwa kama nimeajiriwa au nimejiajiri. Nimejiajiri, na kwa hiyo kinga ya kupoteza ajira isingeweza kunifaa. Naomba mnirudishie ada hiyo pamoja na riba niliyotozwa juu yake, mnijulishe kamisheni mliyopokea, na mnijibu kwa maandishi. Nakala za vielelezo nimeambatisha.”

Haitoshi kusema “naomba mnisaidie”. Semeni kiasi mnachodai na jinsi mlivyokipata. Aliyeongeza mkopo aeleze ada ya muda ambao haukutumika. Mjane aeleze tarehe ya kifo na malipo yaliyofuata. Barua ipelekwe kwa meneja wa tawi, na nakala kwa kitengo cha malalamiko makao makuu ya benki. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinazitaka taasisi za fedha ziwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Ulizeni utaratibu huo ni upi, na jibu litatoka lini.

Jambo moja la tahadhari, nasi tunalisema kwa mkazo: msiache kulipa marejesho kwa sababu mmelalamika. Mkopo na bima ni mikataba miwili. Anayesitisha marejesho huandikwa kuwa mkopaji asiyelipa katika kumbukumbu za taarifa za wakopaji, hutozwa adhabu, na lalamiko lake lenye haki hufunikwa na kosa lake jipya. Lipeni huku mkilalamika.

Majibu ya benki huwa hayana mambo mengi mapya. Mtaambiwa: “Uliweka sahihi.” Ni kweli, na msikane. Jibuni kwamba sahihi inaonyesha kuwa karatasi ilitiwa sahihi, lakini haionyeshi kwamba jambo lilielezwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba ridhaa iliyopatikana kwa maelezo ya uongo au ya kupotosha humpa aliyepotoshwa haki ya kuutengua mkataba. Mtaambiwa pia: “Bima ni ya lazima.” Benki yaweza kweli kuweka sharti kwamba mkopo uwe na kinga. Ulizeni sharti hilo limeandikwa wapi, na je, lilimlazimu mteja kununua kwa kampuni ile waliyomchagulia wao? Tena, kitu cha lazima nacho huelezwa. Na wapo watakaoambiwa kwamba siku nyingi zimepita. Mashauri yatokanayo na mkataba, kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, kwa kawaida yana miaka 6 mahakamani. Msiingoje hiyo miaka, lakini msikatishwe tamaa na mkopo wa mwaka juzi.

Jibu lisipokuja, au likija lisilotosheleza, mambo hugawanyika njia mbili, na hapa ndipo watu wengi hupotea, wakazungushwa kutoka ofisi hadi ofisi. Kama ugomvi wenu ni juu ya mwenendo wa benki, yaani kukata bila kueleza, kutotoa nyaraka, au kutorudisha ada, nendeni kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania, ambayo kwa hapa Dar es Salaam ipo Mtaa wa Mirambo. Kama ugomvi ni juu ya kampuni ya bima iliyokataa kulipa dai, njia ni TIRA, au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mjane wetu wa Madale anaweza kuhitaji njia zote mbili, na hakuna ubaya. Aidha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha watumiaji katika biashara, na Tume ya Ushindani hupokea taarifa za namna hiyo, hasa pale inapoonekana kwamba jambo limewapata watu wengi kwa mtindo mmoja. Popote mtakapokwenda, mtaulizwa kwanza: je, benki yenyewe mmekwisha kuiandikia? Ndiyo maana tumeusisitiza ule mhuri.

Hamhitaji wakili kwa hatua hizi, wala mtu wa kati. Wapo vijana wenye mashati mazuri wanaoahidi kuwafuatilia watu fedha zao benki, kwa malipo ya kutangulia na nakala ya kitambulisho. Msiwape fedha, na msiwape namba zenu za siri. Anayeona uzito wa kuandika amwombe mtoto wake wa sekondari amwandikie, yeye atamke.

Yapo malalamiko yatakayoshindwa, na ni haki yashindwe. Mtu aliyeelezwa, akapewa cheti, akakingwa kwa miaka minne, akamaliza mkopo wake akiwa hai na mzima, hana dai. Hakuna anayerudishiwa ada kwa sababu hakufa. Aliishi miaka minne nyumba yake ikiwa salama, na hicho ndicho alichokinunua.

Kwa ambao bado hawajakopa, maswali ya kuuliza kabla ya sahihi ni machache. Bima hii inakinga nini, na haikingi nini? Kampuni ni ipi? Nikimaliza mapema au nikiongeza mkopo, ada iliyobaki inarudije? Nikifa, mke wangu amwone nani? Afisa mwema atajibu. Asiyejibu, mwombeni ayaandike maswali hayo pembeni ya fomu na aandike kwamba hakuyajibu. Mtashangaa jinsi majibu yanavyopatikana haraka.

Tumeweka meza mbili pale chini ya mwembe. Waliokuja na karatasi zao tutazisoma pamoja nao sasa hivi, na kijana wetu atawasaidia kuandika barua ya kwanza. Wenye mikopo ya marehemu watangulie.